Mnara wa Fischer: Hapa hofu hufunzwa kazi

Je, umewahi kusimama ukingoni mwa Menengai? Kama bado, siku utakayozuru jiji la Nakuru usikimbilie ziwani kuwatazama heroe kabla hujapanda mlima ulio upande wa kaskazini. Endelea kupanda hadi pale ambapo ardhi inakatika ghafla kana kwamba imemegwa. Mbele yako litatanda shimo la volkeno lenye urefu wa takriban kilomita 12 na upana wa kilomita 8, na ukuta unaoteremka karibu mita 500 hadi chini kwenye mawe meusi ya lava. Watu wengi wakifika hapo hufanya mambo mawili. Kwanza husogea mbele ili waone vizuri. Kisha magoti hulegea, wakarudi nyuma hatua mbili huku wakijifanya wanatafuta pahali pazuri pa kupigia picha.

Hiyo ndiyo hofu ya mahali pa juu, na Bonde la Ufa limeumbwa kana kwamba ni shule yake. Wako wenye mifuko mizito wanaoipeleka hofu hiyo hadi Diani, katika Pwani ya Kusini, wakaruka kutoka kwa ndege kwa parachuti, mwanagenzi akiwa amefungwa pamoja na mwalimu wake. Wengine huenda Iten wakajitosa kwa miavuli kutoka ukingo wa Elgeyo na kuelea juu ya Bonde la Kerio. Lakini mwanafunzi wa chuo, ambaye akilipa kodi ya chumba na kununua unga hubaki na nauli tu, ana shule nyingine iliyo karibu na isiyohitaji ndege. Ni jiwe moja tu lililosimama wima, si mbali na Ziwa Naivasha. Wanaolijua huliita Mnara wa Fischer.

Kutoka Nakuru hadi Lango la Elsa

Ukitoka Nakuru asubuhi kwa matatu za Naivasha, una safari ya kilomita 70 hivi. Keti dirishani upande wa kulia. Baada ya Lanet na Mbaruk utaliona Ziwa Elementaita, dogo na la magadi, ambalo pamoja na maziwa ya Nakuru na Bogoria liliorodheshwa na UNESCO mwaka 2011 kuwa sehemu ya urithi wa dunia. Ng'ambo ya ziwa kuna kilima ambacho ukikitazama vyema utaona paji la uso, pua na kidevu. Wenyeji husema ni morani aliyelala. Utapita Gilgil, kisha bonde litafunguka na Mlima Longonot utajitokeza mbele yako, mita 2,776 juu ya usawa wa bahari, kichwa chake kimekatwa kama chungu kilichovunjika mdomo.

Mjini Naivasha badilisha gari. Panda matatu za barabara ya kusini mwa ziwa, zinazopita katikati ya mashamba ya maua yenye vibanda vya plastiki visivyo na mwisho. Mwambie utingo akushushe kwenye njia ya kuelekea mbuga ya Hell's Gate. Kutoka barabarani hadi langoni ni mwendo wa takriban kilomita 2, na hapo utapata baiskeli za kukodi. Ndiyo, baiskeli! Hii ni mojawapo ya mbuga chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya punda milia, swara, ngiri na twiga. Ukiwaona nyati, hata hivyo, wape nafasi. Wao hawajasoma kanuni za wageni.

Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka 1984 na ina ukubwa wa kilomita mraba 68 hivi. Lango unaloingilia huitwa Elsa, jina la simba aliyeleta umaarufu kwa Joy Adamson, ambaye alikuwa na makazi yake kando ya ziwa hilo. Huko ndani, Olkaria, ndiko Kenya ilikoanza kuzalisha umeme kwa mvuke wa ardhini mwaka 1981. Kwa hivyo taa inayokuwezesha kusoma gazeti hili jioni huenda inatumia moto ule ule ulioumba jiwe unaloenda kulikwea.

Binti aliyegeuka nyuma

Hutahitaji kuuliza mnara uko wapi. Ukishaingia langoni na kunyonga baiskeli kidogo, utauona umesimama peke yake kando ya njia, urefu wake takriban mita 25, sawa na jumba la ghorofa 8. Zamani za kale lava iliganda katika koo la volkeno. Udongo na mawe laini yaliyoizunguka yakaliwa na mvua na upepo, kiini kigumu kikabaki. Mbali kidogo kuna kuta ndefu za mawe mekundu ambako tumbusi hujenga viota, na bonde lote unalolipita lilichimbwa na maji wakati Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko lilivyo leo na likafurika kuelekea kusini.

Jina la mnara ni la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika pande hizo mwaka 1883, na ambaye Wamaasai walimzuia asiendelee na safari yake. Lakini Wamaasai walikuwa na habari za jiwe hilo kabla yake. Husimuliwa kwamba binti mmoja alikuwa akipelekwa kwa mumewe, akaonywa asigeuke kutazama nyumbani kwao. Alipofika hapo moyo ulimshinda, akageuka, na papo hapo akawa jiwe.

Utakapokuwa umening'inia katikati ya jiwe hilo, msomaji, utamwelewa binti huyo kuliko ulivyotarajia. Nawe pia utatamani sana kugeuka, nawe pia ukigeuka vibaya utaganda.

Somo la kwanza hutolewa chini

Wakwea miamba wamekuwa wakizuru kuta za Hell's Gate kwa miongo mingi, wakiwemo wanachama wa Mountain Club of Kenya, chama kilichoanzishwa mwaka 1949. Siku hizi mara nyingi utawakuta chini ya mnara waongozaji wenye kamba na vifaa, tayari kumfunza mgeni.

Jumamosi moja niliyozuru mahali hapo, niliwakuta wanafunzi wanane waliotoka chuo kimoja cha Nakuru. Wavulana walikuwa wakitaniana kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, ishara ya kwanza kwamba matumbo yao yalikuwa yakizunguka. Pembeni alikaa msichana wa mwaka wa pili, kimya, akiutazama mnara kama mtu anayesoma barua yenye habari mbaya.

Mwalimu wao, mwanamume wa makamo mzaliwa wa Naivasha, hakuwaambia wasiogope. Aliwapa kazi. Kwanza kila mmoja alivaa mkanda mpana unaokaza kiuno na mapaja, akauvuta kuhakikisha haupiti nyonga. Kisha kofia ngumu, kwani jiwe dogo linaloangushwa na mwenzako kutoka juu halichagui kichwa. Halafu wakafunzwa fundo la umbo la nambari 8, ambalo kamba hulipitia mara mbili. Walilifunga na kulifungua hadi vidole vikalizoea. Mwisho wakafunzwa kukaguana: kabla mtu hajagusa jiwe, mwenzake hushika fundo lake, hushika mkanda wake, na yeye hukagua kifaa cha mwenzake cha kuzuia kamba.

"Hapa hakuna kuaminiana kwa mdomo," mwalimu alisema. "Unamwamini mwenzako baada ya kumkagua."

Mpangilio wenyewe si mgumu kuuelewa. Kamba hupitishwa juu ya mnara na kurudi chini. Ncha moja hufungwa kwa mkweaji. Ncha ya pili hupita katika kifaa kilicho kwenye mkanda wa mshika kamba aliye chini, naye huivuta polepole kadiri mwenzake anavyopanda. Mkweaji akiteleza, kamba huwa tayari imekazwa, naye huanguka kiasi kidogo tu kabla ya kusimamishwa. Kamba zenyewe zimetengenezwa kutanuka kidogo ili zimpokee mtu pole pole badala ya kumkata kiuno.

Hayo yote unaweza kuyaelewa kwa dakika kumi. Tatizo ni kwamba kichwa huelewa, lakini magoti hayajapata habari.

Achia!

Ndiyo maana mwalimu alifanya jambo ambalo baadhi ya wanafunzi walilidhania mzaha. Kila mmoja alipanda kimo cha mita mbili tu, kisha akaamriwa aachie mikono. "Achia!" Wa kwanza alicheka, akashika jiwe kwa nguvu zaidi. Aliamriwa tena. Alipoachia hatimaye, alishuka kadiri ya urefu wa mkono, kamba ikanesa, akajikuta ameketi hewani kama mtoto katika bembea.

Wanaofunzwa kuruka kwa parachuti huanzia papo hapo. Kabla hawajaingia katika ndege, hufanya mazoezi ardhini mara nyingi, ili mwili uwe na jambo unalolijua wakati akili imejaa kelele. Mwili hauamini maelezo. Huamini kile ulichokipitia.

Zamu ya yule msichana ilipofika, alipanda vizuri mita kadhaa za mwanzo. Halafu karibu nusu ya mnara akasimama. Mguu wake wa kulia ulianza kutetemeka, juu chini, juu chini, kama sindano ya cherehani. Alikuwa amelikumbatia jiwe kwa kifua na shavu.

"Mwalimu, siwezi!" alilia.

"Sijakuuliza kama unaweza, binti. Nakuuliza mguu wako wa kushoto uko wapi."

Kimya. Kisha sauti nyembamba: "Uko kwenye ufa."

"Vizuri. Ufa huo ni mpana kiasi gani?"

"Kama... kama mkate."

"Basi simama juu ya mkate huo. Shusha kisigino. Pumua nje kwanza, yote itoke."

Msomaji, hebu tuyachambue maneno hayo, kwa maana ndani yake mna mafunzo yote. Mtu anapoogopa, mwili wake humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, viganja hutoka jasho, misuli hukaza. Hali hiyo ingemfaa mtu anayemkimbia nyati. Lakini aliye kwenye mwamba hana pa kukimbilia, nguvu zile zote hugeuka kuwa mtetemeko. Kushusha kisigino huulegeza msuli wa ndama ya mguu, na mguu hutulia. Kutoa pumzi ndefu hupunguza kasi ya moyo. Na swali dogo kuhusu mguu huiondoa akili kwenye neno "nitaanguka" na kuirudisha kwenye kitu kinachoweza kuonekana na kupimwa.

Isitoshe, hofu hutoa ushauri mbaya. Humwambia mwanagenzi alikumbatie jiwe. Lakini ukilikumbatia, uzito hauendi tena moja kwa moja kwenye nyayo, viatu huteleza, nayo mikono hulazimika kubeba mwili mzima hadi vidole vikafa ganzi. Anayesimama wima, kiuno kikiwa mbali kidogo na jiwe, huonekana kama yuko hatarini zaidi, kumbe ndiye aliye imara. Hukwea kwa miguu, mikono ikimsaidia tu kusawazisha mwili.

Yule msichana alitoa pumzi. Kisigino kilishuka. Mguu ukatulia. Alisimama hapo dakika mbili au tatu, na hakuna aliyemharakisha. Chini, mwenzake anayeishi naye chumba kimoja alikuwa ameshika kamba, macho juu, hapepesi.

"Kaza kidogo!" msichana alisema.

"Nimekaza!"

Akapanda hatua moja. Kisha nyingine. Hakuenda haraka, na mara mbili zaidi alisimama, lakini hakusema tena kwamba hawezi. Alikuwa akisema mambo mengine: "Legeza," "Kaza," "Nauona ufa mwingine." Alipofika juu hakupiga kelele kama wavulana walivyofanya. Alikaa kimya akiitazama njia ya baiskeli ilivyokuwa nyembamba kama uzi, na pimbi aliyekuwa akiota jua akamtazama bila hata kusimama. Pimbi hao, ambao wataalamu husema ni jamaa wa mbali wa ndovu, hupanda na kushuka mawe hayo kutwa bila kamba na bila cheti.

Alipoteremshwa nilimuuliza hofu yake ilikwenda wapi. "Haikwenda popote," alinijibu. "Nilikuwa nayo hadi juu. Ila ilikuwa na shughuli."

Mahali ambapo hakuna anayeogopa

Ningeweza kuishia hapo, msomaji, lakini ningekuwa nimekuonyesha nusu tu ya Hell's Gate. Ukiendelea na njia kwa kilomita kadhaa utafika korongo la Ol Njorowa. Kuta zake zimechongwa na maji zikawa laini kama mtungi, jua hupenya kwa michirizi, na mahali pengine chemchemi za maji moto hutiririka ukutani. Wageni wamekuwa wakiteremka humo wakicheka na kupigana picha. Hakuna magoti yanayotetemeka. Si ndiyo, uko chini kabisa, utaangukia wapi?

Aprili 2012, kikundi cha vijana wa kanisa walikuwa humo maji yalipofika ghafla, na 7 kati yao wakafa. Mnamo Septemba 1, 2019, siku ya Jumapili, mafuriko yalirudi na kuua watu wengine 7. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lililazimika kulifunga korongo hilo.

Waliokufa hawakuwa wajinga wala wakaidi. Maji yanayojaza korongo huweza kutoka katika mvua iliyonyesha mbali, kwenye miteremko ya juu. Kuta ni nyembamba na ndefu, hivyo maji ambayo uwandani yangefika kwenye kifundo cha mguu, humo huinuka kupita kichwa cha mtu kwa muda mfupi. Hakuna chochote machoni pako kinachokuonya. Miili yetu imezaliwa ikiogopa kimo. Haikuzaliwa ikiogopa wingu lililo mbali.

Hapo ndipo nilipouelewa mnara. Pale juu kila mtu hutetemeka, na kwa sababu anatetemeka, hukagua fundo mara mbili, humsikiliza mwalimu, huvaa kofia. Katika korongo, mtu huhisi yuko salama, hivyo haulizi lolote. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Nami nikiwaongezea, ningesema kwamba hofu ni mlinzi mzuri wa usiku lakini haoni vizuri. Wakati mwingine humbwekea mwenye nyumba, na wakati mwingine hulala mwizi akiingia. Haifai kumfukuza, wala haifai kumtii kila anapobweka. Inafaa uamke, uwashe taa, uangalie mwenyewe.

Ewe mwanafunzi unayesoma haya ukiwa na mtihani wiki ijayo, au unayeitwa kwa mahojiano ya kazi ya kwanza, nadhani huhitaji nikufafanulie. Ukihisi mguu wa cherehani, jiulize mguu wa kushoto uko wapi. Na pale unapojiona huna wasiwasi kabisa, ndipo ukague fundo lako tena.

Kabla hujafunga safari

Kama moyo umekusukuma kwenda, zingatia mambo haya machache. Ada za mbuga hulipwa kwa njia ya mtandao, kwa hivyo ulizia viwango vya sasa mapema na uhakikishe simu ina chaji. Beba maji ya kutosha na kofia ya jua, kwani bonde hilo lina joto na vivuli ni vichache. Nenda mapema asubuhi, kabla jiwe halijachemka.

Mtu akijitolea kukukwesha, usione haya kuuliza. Amefunza kwa muda gani? Kamba ina umri gani? Vifaa vina alama ya UIAA, shirikisho la kimataifa la wakwea milima? Mwombe akufunze kukagua fundo lako mwenyewe. Akikasirika kwa maswali hayo, mshukuru na uende zako. Askari wa mbuga walio langoni wanaweza kukuelekeza kwa mwongozaji wanayemjua.

Wazazi, mkiwapeleka watoto, wakubalieni washuke wanapotaka kushuka. Aliyefika nusu kwa hiari yake atarudi siku nyingine, lakini aliyesukumwa hadi juu kwa kuchekwa hatataka kuliona jiwe tena.

Na kuhusu korongo, uliza langoni ni sehemu zipi zilizo wazi siku hiyo, na usiingie bila mwongozaji. Ukiona mawingu mazito juu ya vilima, hata kama ni mbali na hapo ulipo jua linawaka, liache. Jiwe lile limesimama tangu enzi za volkeno, na halina haraka. Utalikuta Jumamosi nyingine.